Mishale kwenye Sare za Korosho

Walisema mtu wa stashahada hawezi. Walisema kubana video ni kazi ya wenye shahada za juu, watu wanaokaa kwenye maabara zenye viyoyozi, siyo ya kijana anayepanga chumba kimoja Maili Moja na kukausha soksi dirishani. Mwalimu Sanga, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyekuwa akiishi Tumbi, aliniambia mbele ya watu, huku akikoroga chai yake: "Idrisa, stashahada yako ni ya kufunga nyaya na kupanda minara. Hesabu za picha waachie wenyewe." Pale kijiweni, jamaa mmoja wa rika langu aliniuliza, "Mwamba, hizo chenga kwenye video unazitoa au unazitengeneza?" Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Jibu langu nililitoa baadaye, ughaibuni, kwenye ofisi ambayo wenzangu wote walikuwa na udaktari wa falsafa na mimi peke yangu nilikuwa na stashahada ya mawasiliano, na bado kila mambo yalipowaendea upogo walisema, mwiteni Idrisa. Nimerudi. Nimejenga Soga, nyumba inayoonekana kutoka relini, na hakuna aliyenichangia tofali. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu waliosema sitaweza wengi wao bado wapo na wanasoma.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisarawe kumzika Bakari. Alikuwa mpiga video wa harusi, na tulikuwa marafiki tangu tukiwa na nywele nyeusi. Kaburini, vijana walikuwa wameinua simu zao wakiwarushia ndugu walioko mbali mazishi yale wakati uleule yakiendelea: udongo ukidondoka huku, mtu wa Mwanza anauona ukidondoka. Hakuna aliyeshangaa. Kijana mmoja akanisogelea, akainama kidogo. "Shikamoo mzee. Wewe ndiye Idrisa wa mishale?" Nikamwambia marahaba, ndiye mimi. "Marehemu alikuwa anakutaja sana," akasema, kisha akarudi kwenye simu yake, na mkononi mwake nikaona picha ya kaburi ikitembea bila kukwama, laini kabisa, na nikajua kila mraba wa picha ile ulikuwa unafanya nini. Sikuweza kuendelea kutazama. Nilisogea upande ule mwingine nikasimama na wazee, na pale, wakati dua inasomwa, mwaka wetu ule ukanirudia wote.

Chumba changu kilikuwa uani kwa Mama Neema, mama wa Iringa aliyehamia Kibaha kwa kazi na hakurudi tena kwao. Kitanda kiligusa kuta mbili. Kilichobaki ni nafasi ya meza, na juu ya meza palikuwa na kompyuta ya Mwalimu Sanga. Ndiyo, huyohuyo. Alinidharau na akaniazima, yote mawili kwa siku moja. "Ichukue," alisema, "mimi naitumia kuchapa mitihani ya majaribio tu. Lakini ukishindwa uirudishe kimyakimya, usiniletee sababu." Ilikuwa ya zamani, yenye kioo kinene kama televisheni, na ilipofanya kazi ilinguruma na kupasha chumba joto hata nikawa naacha mlango wazi. Mama Neema alikuwa akipita na sufuria yake ya majani ya maboga yaliyoungwa karanga, ananichotea bakuli bila kuuliza kama nina njaa, halafu anasimama mlangoni kuitazama ile kompyuta kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga. "Hilo sanduku linakunywa umeme kuliko jokofu langu, mwanangu." Nilimwambia nitamrudishia. "Utarudisha," alisema, "kula kwanza." Ukuta ulikuwa mwembamba. Siku moja nilimsikia akiongea na dada yake kwenye simu: "Nina mpangaji, kijana mzuri, anaswali, halewi, hana makelele. Ila dada, anaongea na miraba. Haki ya Mungu. Anaiuliza, ulikuwa wapi wewe?"

Alikuwa amesikia sawasawa. Video ni picha nyingi zinazopita haraka, na ukitaka kutuma kila picha nzima, hakuna simu itakayoibeba. Kwa hiyo mashine ya kubana huikata kila picha miraba midogo, halafu huuliza kila mraba: katika picha iliyotangulia ulikuwa wapi? Ukipatikana, hautumwi tena. Unatumwa mshale tu unaosema, nimetoka pale nimekuja hapa, pamoja na tofauti ndogo iliyobaki. Ukikisia vizuri mwendo wa vitu, video nzito inakuwa nyepesi na inabaki nzuri. Ukikisia vibaya, inakuwa nzito, na ukiilazimisha kuwa nyepesi inapasuka vipandevipande. Kazi yote iko kwenye kutafuta. Kutafuta kila mahali kulitaka kompyuta yenye nguvu, na ya Mwalimu Sanga ilikuwa imechoka. Kutafuta kwa haraka, karibukaribu tu, ndivyo ilivyofanya programu niliyokuwa nayo, programu ambayo wenyewe waliacha maandishi yake wazi ili anayeweza aibadilishe. Mimi niliweza. Nilikuwa najifunza kuibadilisha kwa kujifurahisha, sina mteja wala tajiri, mpaka Bakari alipokuja na kaseti.

Alikuja asubuhi, amevaa kanzu, hajala. Alikaa kitandani kwangu na akaweka kaseti ndogo ya kamera juu ya mto. "Bi Zuhura amefariki," alisema. Bi Zuhura alikuwa jirani yake kule Maneromango, mama wa makamo aliyepika kwenye kila shughuli ya kijiji. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemwoza mjukuu wake, na Bakari ndiye aliyepiga video ya harusi ile. Salma, binti yake Bi Zuhura na mama mzazi wa bibi harusi, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za ndani. Hakuja harusini, na sasa mwajiri wake hakumruhusu kuja msibani. Alikuwa amempigia Bakari simu, na alichokitaka kilikuwa kitu kimoja: amwone mama yake akitembea. Siyo picha ya mnato. Hizo alikuwa nazo. Alitaka kumwona akitembea.

"Si kuna diski ya harusi?" nikamuuliza.

"Diskini hayumo. Alikataa kukaa jukwaani, si unamjua. Mhariri Kariakoo alikata yote yasiyo ya jukwaani. Yumo humu tu, kwenye kaseti, pale akina mama wanapotoka jikoni na masinia. Kipande kidogo. Na Salma hana kwa kuchezea diski, ana simu yake tu, na simu ile faili likiwa kubwa kidogo inakataa."

"Basi niachie kaseti."

Hapo Bakari akaweka mkono juu ya kaseti. Wapiga video wa enzi ile walikuwa hawaweki kaseti. Harusi ikishahaririwa, kaseti inarudi kwenye kamera, na harusi nyingine inapigwa juu ya ile ya kwanza. Kaseti zilipatikana Dar tu na hazikuwa rahisi, na Bakari alikuwa nazo mbili, moja imeanza kutafuna picha. Kuniazima ile nzuri kulikuwa sawa na dereva kukuazima gurudumu. "Nina harusi baada ya mfungo," alisema mwishowe. "Mpaka hapo ikae kwako. Lakini nikiihitaji, naihitaji." Mama Neema akaingia na uji, akampa pole kwa Kiswahili chake cha Iringa, na Bakari akanywa ule uji wote akiwa ameinamia kikombe.

Nilibana kile kipande siku ileile kwa programu kama ilivyokuwa, nikakituma kutoka duka la intaneti pale barabarani. Salma alinipigia jioni. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama yuko stoo au nyuma ya nyumba. "Kaka Idrisa, ahsante, imefika. Naona akina mama wengi." Nikasubiri. "Mama yangu simuoni. Kuna mmoja anafanana naye, anakuja, halafu anakuwa mtu mwingine." Nikamwambia nitatuma tena. Nilirudi chumbani, nikaitazama kwa udogo uleule wa kioo cha simu, na nikaona alichokiona. Wanawake wanatoka jikoni, wanakuja, na katikati ya njia bega la huyu linachukuliwa na yule, mkono unapasuka, uso wa Bi Zuhura unayeyuka kwenye shavu la jirani yake. Zimebaki chenga. Na yule jamaa wa kijiweni, kama angekuwepo, angepata jibu la swali lake.

Nilishinda na jambo lile siku nyingi. Mfungo ulikuwa umeanza na mchana kulikuwa kimya uani. Nikaandika kiprogramu kidogo cha kuichora ile mishale juu ya picha, ili niione kwa macho kila mraba ulidai umetoka wapi, na hapo ndipo siri ikatoka. Kwenye ukuta wa udongo mishale ilikuwa sawa. Kwenye masinia ilikuwa sawa. Kwenye nguo ilikuwa wazimu, mmoja kushoto, mmoja kulia, mwingine unaruka mpaka kwa mama wa tatu. Wote walikuwa wamevaa sare. Khanga moja, ya korosho, zile korosho ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu. Mraba ulipotafuta ulikotoka, ulikuta korosho nyingine inayofanana na yake kabisa, ukatulia hapo, ukasema hapa ndipo kwangu. Na ulikuwa uongo. Waliotengeneza programu ile waliijaribu, nadhani, kwa msomaji mmoja wa habari aliyekaa mezani na koti jeusi. Hawajawahi kuona harusi ya Kizaramo, wanawake ishirini ndani ya kitambaa kimoja, wanatembea kwa pamoja. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kujua ugonjwa siyo kuwa na dawa.

Bakari alikuja kufuturu kwangu. Mama Neema, Mkristo wa watu, alikuwa ametuchemshia muhogo wa nazi na akatandika mkeka uani, naye akakaa kusubiri adhana kama mfungaji. Baada ya kula tuliingia ndani nikamwonyesha ile mishale. Nikanyoosha kidole kumfuata Bi Zuhura kwenye kioo, na mimi mwenyewe nikampoteza.

"Ni huyu," nikasema.

"Siye. Huyo ni Mama Zaina, mnene zaidi."

"Basi huyu."

"Idrisa, huyo ni mwanamume, amejifunga khanga kiunoni ananyanyua sufuria." Alicheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, kisha akairudisha video nyuma. "Sikiliza. Mimi nikiwa na kamera, mtu akinipotea kwenye sare, simtafuti yeye. Nguo itanidanganya. Nawatafuta aliokuwa nao. Wakienda kulia, na yeye yuko kulia. Hawezi kuwaacha na sinia mkononi."

Mama Neema, aliyekuwa mlangoni akikusanya vyombo, akasema, "Kanisani kwaya ndivyo ilivyo," na akaondoka zake.

Watu wengi wangeweza kusikia maneno yale na yakaishia kwenye muhogo. Mimi niliyachukua nikayafanya hesabu, na hilo sitalinyenyekea kwa mtu. Niliibadilisha programu ili mraba, kabla haujaanza kutafuta, uwaulize kwanza majirani: wa kushoto, wa juu, ambao mishale yao imeshajulikana, na ule uliokuwa mahali pale katika picha iliyopita. Mmeelekea wapi? Utafutaji ukaanzia hapo, siyo penginepo. Na ukitaka kwenda kinyume na wenzako, sharti uonyeshe sababu kubwa. Kufanana kidogo zaidi na korosho ya mbali hakukubaliwi tena. Ikawa faida mara mbili. Mishale iliyofuatana ilikuwa rahisi kuiandika, kwa hiyo faili likapungua, na kompyuta, kwa kuwa ilianza kutafuta karibu na ukweli, ikamaliza kazi mapema hata ikaacha kunguruma. Simu ya Salma haikuhitaji kubadilishwa chochote. Yote yalifanyika upande wa mtumaji. Baadaye, ughaibuni, niliwakuta wataalamu walioandika mambo yanayokaribiana na hayo, na nikawaambia bila aibu kwamba mimi nilifika hapo kwa miguu yangu, kupitia Maneromango.

Mwalimu Sanga alipita kunitazama siku hizo. Nilimweka kwenye kiti changu, nikamwonyesha video mbili zenye uzito uleule, ya zamani na yangu. Akavua miwani, akaisafisha kwa shati. "Hii ya pili umeongeza uzito kwa siri."

"Angalia mwenyewe, Mwalimu."

Akaangalia. Zilikuwa sawa. "Umesoma wapi haya?"

"Stashahada, Mwalimu."

"Mjinga wewe," akasema, lakini aliinuka akanipa mkono, na kwenye korido nikamsikia akimwambia Mama Neema, taratibu, "Yule kijana ana kichwa."

Nilituma mara ya pili asubuhi, nikakaa pale nje ya duka la intaneti mpaka simu ikalia. Salma hakusalimia. Nilisikia anavuta pumzi, kisha kimya, kisha tena pumzi, na nikaelewa kuwa anaitazama huku ameniweka hewani. "Ndiye," akasema. "Anavuta khanga kwa mkono wa kushoto. Sinia liko kulia. Ndiye." Akairudia. Nilisimama juani, simu nimeibana sikioni. "Kaka Idrisa, mbona hatazami huku?"

"Hakujua kama Bakari anampiga. Alikuwa anapita tu."

"Anapita tu," akasema. "Haya. Ni sawa. Ndivyo alivyo." Halafu kuna mtu alimwita kwa Kiarabu, na simu ikakatika.

Wakati ule niliona nimeshinda. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza kijiwe kizima kinyamaze nikipita. Sasa, na umri huu, baada ya kuzibana video za mechi na filamu na mikutano ya wakubwa, najua kuwa kazi yangu yote iliyofuata ilikuwa nyepesi kuliko ile. Pale niliposimama ndipo nilipojua kwamba mraba uliokosewa unaweza kuwa shavu la mama wa mtu. Faili lile Salma bado analo. Amelihamisha kutoka simu hadi simu mpaka leo. Ndani yake Bi Zuhura yuko mzima kwenye picha chache tu. Kwingine kote ni mishale, inayosema ametoka wapi na anakwenda wapi.

Mfungo ulipoisha nilirudisha vyote nilivyoazima, kwa siku moja, kwa sababu nilitaka iwe siku moja. Mama Neema nilimwingizia umeme kwenye mita yake, wa kutosha jokofu na sanduku, nikamkuta amesimama mbele ya mita akiisoma kwa sauti kama anayesoma somo kanisani. Kompyuta niliibeba mpaka Tumbi kwa toroli la kukodi. Nilikuwa nimeisafisha, video yote nimeifuta, nimebaki tu na lile faili dogo la Salma kwenye barua pepe yangu, kwa kuwa Mwalimu alitaka nafasi ya mitihani yake. Alinipokea mlangoni. "Hukuja kimyakimya," akasema, akitazama toroli linavyopiga kelele, na nikamjibu kuwa sikuwa na sababu ya kunyamaza. Kisha nikashika njia ya Kisarawe na kaseti mfukoni.

Bakari nilimkuta nje ya nyumba ya harusi, kamera begani, anatazama barabara. Siku chache nyuma alikuwa ameniuliza kama apitie kwanza Kariakoo kwa mhariri, kile kipande kiwekwe kwenye diski kama kilivyo, na mimi nilikuwa nimemjibu kuwa haina haja, nilichobana mimi hakitaki akiba. Sasa ndani ya nyumba ngoma ilikuwa imeshaanza na mlangoni zilikuwa zinaonekana sare, safari hii za maua mekundu.

"Kaseti."

"Hii hapa."

Akaishika asiiweke. "Bi Zuhura unaye?"

"Salma anaye, na mimi ninaye."

"Mzima?"

"Mzima."

"Idrisa, nikibonyeza hapa, hapa hayumo tena. Usiniambie maneno yako ya kijiweni. Niambie kama rafiki yangu."

Niliufikiria mkono wa kushoto unaovuta khanga, sinia upande wa kulia, ule uso unaopita bila kugeuka. Nilivifikiria kimoja kimoja, kwa haki, kama mtu anayeapishwa. "Bonyeza," nikamwambia.

Akaiweka kaseti, akairudisha mpaka mwanzo, akafunga kifuniko kwa kidole gumba. Akina mama wakatoka kwa vigelegele. Bakari akainua kamera, taa nyekundu ikawaka, akaanza kutembea kinyumenyume mbele yao, na mimi nikasogea pembeni nisimzibie.